Mwaka Tuliojizungushia Seng'enge

Kufuli lilikuwa jipya, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na lilikuwa limefungwa kwa ndani. Hilo la kufungwa kwa ndani ndilo lililonikata maini. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya ligi, alasiri, watu wametoka kusali, ngoma mbili mbele, vijana wa Vumilia Stars wamevaa jezi mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani, na sisi mashabiki nyuma yao tunaimba. Tukafika getini, tukaimba mbele ya geti, tukanyamaza mbele ya geti. Ndani alikuwa amesimama askari mgeni na rungu lake. Nyuma yake goli la upande wa barabara lilikuwa limelala chini, limekatwa kwenye mashina, na fundi mmoja alikuwa amechuchumaa akilikata la pili kwa msumeno, taratibu, kama mtu anayekata ubao wa kitanda chake. "Mama, leo hapa hakuna mpira," askari akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika geti. "Hapa pana mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe ni sisi. Akasema, "Basi ugomvi huo ni wenu na walioniandika mimi kazi. Mimi nimeanza jana."

Wapinzani wetu, Kaskazi United ya Ukunda, wakashuka kwenye lori lao wakadhani tunawafanyia vituko vya kuwatisha. Walipofahamu wakakaa chini kwa kucheka. Refa aliyeletwa kutoka Kwale, mtu wa kitambi, alitazama saa yake, akangoja muda wa sheria upite, kisha akasimama pale barabarani katikati ya mbuzi, akapuliza kipenga, akawapa wale ushindi wa mezani. Mechi ya kwanza ya msimu, nyumbani kwetu, tulifungwa tukiwa nje ya uwanja wetu wenyewe. Nahodha wetu, Mbwana, namba tano, akakaa chini akaegemea nguzo ya kwanza ya seng'enge, karibu na geti. Hapo ndipo katibu wa timu, Matano, alipoinua sauti watu wote wasikie: "Nguzo hiyo si ndiyo uliyoisimika wewe, Mbwana? Si mkono wako ulioanza?" Watu wakageuka wakamtazama Mbwana. Hawakuacha kumtazama hivyo mpaka alipokufa.

Mbwana tumemzika mwezi uliopita. Ndiyo maana ninaandika, mimi Mishi, ambaye shule niliishia darasa la nne na kalamu huishika kama kijiti cha kuchokolea meno. Habari za kwetu na ukoo wangu haziko hapa, hazimsaidii mtu. Hapa nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, na hasa ile miezi kabla ya ligi kuanza, wakati kila mwanamume wa kijiji hiki, kati ya Gazi na Msambweni, alikuwa kocha. Na nataka kusema ni nani aliyefunga uwanja wetu. Si Mbwana. Aliyefunga uwanja ni mwenyekiti wetu, Nassoro Bati, na aliyemsaidia ni huyo huyo Matano. Nimeyataja majina yao mapema ili asiyetaka kusoma zaidi aache hapa, atakuwa ameshapata lililo muhimu.

Ofisi ya timu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Nassoro Bati. Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kilijaa magunia ya mbata, na harufu ya nazi iliyokauka ilikuwa ikikuingia mpaka kwenye nywele. Kamba ilipita kutoka ukuta hadi ukuta, jezi zimeanikwa, kwa hiyo mwenyekiti alipozungumza ulikuwa unamwona kifua tu, na kichwa kiko nyuma ya mgongo wa namba saba. Wanaume walikaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa na karai langu la viazi nje ya mlango wa nyuma, na kila walipotaka viazi nilikuwa naingia navyo na bakuli la ukwaju na pilipili, nikakawia kutoka. Hakuna aliyenifukuza. Waliniita Mishi Refa kwa sababu nilikuwa nawapigia marefa kelele, na walidhani ni mzaha. Mpira nilikuwa nautazama tangu nina akili. Kucheza sikuruhusiwa, kuona nani angeweza kunizuia?

Basi mwaka ule mipango ya msimu ilikuwa hivi, na nitaisema nilivyoiona. Tulikuwa tumeleta kipa kutoka Taru, kijana mrefu aliyelelewa na ng'ombe, ambaye nadhani fisi hakuwa akimwogopa lakini krosi aliiogopa. Mpira ukija juu, yeye alikuwa akiinama. Straika wetu alikuwa mhudumu wa hoteli huko Diani, mzuri kweli, ila alikuwa akija mazoezini amekwisha kubeba sinia tangu alfajiri, miguu imevimba. Beki tatu alikuwa Athumani. Kuhusu Athumani sitaki kusema mengi kwa kuwa ana wajukuu sasa, lakini winga yeyote mwenye viatu alikuwa akimpita. Mimi nilisema, mbele ya magunia yale, kwamba timu hii haipandi daraja, na ikibaki ilipo tumshukuru Mungu. Wakacheka. "Mishi, wewe kaanga viazi," akasema Matano. "Sisi tumewafunga Kwale manne." Nikamwambia, "Mliwafunga watoto wa shule, Matano. Wawili walikuwa wamevaa sare." Akasema goli ni goli. Mechi ya kirafiki iliyofuata, kule Kombani, tulipigwa na timu ya wauza mboga wa sokoni, na hiyo haikuhesabiwa kwa sababu, walisema, tulikuwa tunajaribu mfumo.

Mwenye kuujaribu huo mfumo alikuwa Kocha Wafula, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi hotelini. Maskini Wafula alikuwa anataka kitu kimoja tu, mtu acheze kwa kuwa anajua. Na kwetu timu haikupangwa hivyo. Timu yetu iligawanywa kama sinia la pilau, kila mtaa na upande wake. Mtaa wa msikitini wana watatu, mtaa wa barabarani watatu, wa ufuoni watatu, na wageni wawili. Ukimtoa Athumani, mtaa wa ufuoni hauji kutazama. Wafula alikuwa akishika kichwa. "Mwenyekiti, beki tatu ni mtu, si mtaa," alisema siku moja. Nassoro Bati akamjibu kwa upole, akimega kiazi, "Kocha, wewe utaondoka. Sisi tutabaki tukitazamana." Na maneno hayo yalikuwa na heshima ndani yake, hata mimi niliyaona hivyo wakati ule. Sasa nikiyakumbuka natamani ningemmwagia ule ukwaju.

Jambo lililotumaliza ni chupa. Msimu uliotangulia tulikuwa tumemaliza karibu na mkia, na mtu mmoja akifagia uwanja akafukua chupa ndogo imefungwa kitambaa chekundu, kwenye goli la upande wa baharini. Basi. Mabao yote tuliyofungwa mwaka mzima yakapata mwenyewe. Si kipa, si Athumani, ni chupa. Nilisema mpaka koo likakauka: chupa haikumwacha winga apite, aliyemwacha ana jina na tunamjua. Lakini ukitaka kumfurahisha mtu wa kwetu, mpe sababu isiyomhusu yeye. Kila mazungumzo ya msimu mpya yakawa hayo, watu wa Ukunda watakuja tena kufukia, tufanye nini. Walipanga zamu za kulinda goli. Walinzi walilala. Mmoja akasema ameona mtu alfajiri ameinama penye kibendera cha kona. Mwengine naye akasema ameona. Mtu ambaye aliwasikiliza wote, bila ya kuwacheka hata mara moja, ni Nassoro Bati. Akatikisa kichwa, akatafuna, akasema, "Dawa yake ni moja. Tuzungushe seng'enge. Tuweke geti. Ufunguo ukae pahala pamoja."

Ninyi mnaosoma mtasema watu wale walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hamu. Mtu aliyefungwa msimu mzima akipewa kitu cha kufanya kwa mikono yake, hulala usingizi mzuri. Tukaitwa kwenye kazi ya ujima, kijiji chote, kama tunavyofanya kwenye kuchimba kaburi na kuezeka nyumba ya mjane. Wanaume wakakata nguzo, wanawake tukapika. Sufuria tatu za wali wa nazi na mchuzi wa papa, na watu walikula wakiwa wamesimama, mikono ina udongo, wanabishana kama straika apigie kwa kulia au kushoto. Sijapata kuona kijiji hiki kina furaha namna ile, hata kwenye Idi. Wazee wakasoma fatiha. Nguzo ya kwanza, kwa heshima, akapewa nahodha aisimike. Mbwana akavua shati, akachimba, akasimika, akashindilia udongo kwa mguu, na wanawake tukapiga vigelegele. Alikuwa na mabega yale ya mkwezi wa minazi. Akacheka, akaniambia, "Mishi Refa, sasa tufungwe na nani?" Nikamwambia, "Na Athumani." Akacheka mpaka akaegemea nguzo yake.

Kamba ya kupimia aliishika Nassoro Bati mwenyewe, na ncha ya pili Matano. Niliona kitu. Uwanja wa mpira una pembe nne na kila mtu anajua zilipo, maana chokaa ipo. Ile kamba ilipita chokaa. Ikaenda mpaka kwenye minazi ya ufuoni, ikakata kushoto, ikachukua kile kisima cha zamani, ikarudi barabarani. Nikauliza, nikiwa na mwiko mkononi, "Mwenyekiti, mbona tunazungushia na kisima? Kisima nacho kinacheza namba ngapi?" Watu wakacheka. Akanitazama kwa huruma. "Tunaacha nafasi ya watazamaji, Mishi. Timu ikipanda daraja watu watakaa wapi, kichwani mwako?" Basi watu wakapiga makofi. Wakaanza kuonyeshana pale patakapokuwa jukwaa, pale pa kuegesha magari ya wageni. Mtu mmoja akasema patakuwa na taa. Timu yenyewe haina beki tatu, na watu wanagombania mahali pa kuweka taa.

Aliyenisikia ni Wafula peke yake. Alikuja jioni kula viazi, amechoka, akasema na lafudhi yake ya bara, "Mama Mishi, hawa watu wa Ukunda wakikuja kutuchungulia wataona nini? Si wataenda home wakicheka tu? Sasa hii fence ya nini?" Nikamwambia ni ya chupa. Akatikisa kichwa. "Maze, mimi nimelinda mahoteli mengi. Fence haijui nani mwizi. Inajua tu nani ako na funguo." Kesho yake akayasema mbele ya magunia, na Nassoro Bati akamuuliza kama ameajiriwa kufundisha mpira au kufundisha wenyeji ardhi yao. Wanaume wote wakacheka upande wa mwenyekiti. Wafula hakurudia tena. Mbwana ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, kocha hakusema baya. Ufunguo wa pili nipe mimi." Nassoro Bati akamwekea mkono begani. "Nahodha, ukibeba ufunguo utacheza vipi?" Kila mtu akaona ni neno la busara. Niko mlangoni, bakuli mkononi, nimesikia kwa masikio haya. Mbwana aliomba ufunguo akanyimwa. Wanaume waliokuwa mle ndani walisikia pia, na wengine wako hai, na wanapita mbele ya nyumba yangu kila siku.

Wiki ya mwisho kabla ya ligi mwenyekiti akatangaza uwanja ufungwe kabisa ili nyasi zipumzike na watu wa Ukunda wasipate nafasi. Vijana wakafanya mazoezi ufuoni, kwenye mchanga, na kwenye baraza la kahawa watu wakasema mchanga unatia nguvu miguuni, msimu huu hatushikiki. Niliwaambia mchanga unatia maumivu kwenye nyonga. Straika akashtuka nyonga siku ya pili. Ijumaa Nassoro Bati akaaga kuwa anakwenda Mombasa kuchukua mipira mipya. Jumamosi tukakutana na kufuli. Yaliyofuata mnayajua. Aliporudi, siku nyingi baadaye, alisema yeye ndiye aliyesikitika kuliko wote, kwamba alimwachia nahodha uwanja, na nahodha ndiye aliyesimika, kwa hiyo alidhani nahodha anajua alichokuwa akifanya. Matano akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwaka haukupita, Matano akawa msimamizi wa nyumba za wageni alizojenga huyo mwenyewe mpya ndani ya seng'enge yetu, na Nassoro Bati akahamia Kombani kwenye ghorofa. Watu waliona. Lakini ni rahisi kumchukia mkwezi wa minazi aliye jirani kuliko kumchukia mwenye ghorofa aliye mbali, na zaidi ya hayo, kumchukia Nassoro Bati kungewalazimu wakiri kwamba wote walishika koleo.

Kwa hiyo Mbwana akabebeshwa. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walifanya lile linalofanywa kwetu, walinyamaza akipita. Neno "nahodha" likaondoka midomoni mwao. Timu ikacheza msimu ule kwenye viwanja vya kuazima, ikashuka daraja, na yeye akaacha mpira akarudi kwenye minazi yake. Nilimwuliza siku moja, akiwa ameniletea madafu, kwa nini hasemi. Akaniambia, "Dada Mishi, nguzo niliisimika kweli. Nikisema sikusimika nitakuwa mwongo." Nikamwambia aseme na la ufunguo basi. Akasema la ufunguo walilisikia wenyewe, na kama wamelisahau, yeye atawakumbushaje? Nilikasirika naye. Bado nimekasirika naye, Mungu amrehemu.

Sasa nije kwenye hitima yake. Wanawake tulikuwa uani, tunachambua mchele kwenye nyungo, na mke wa marehemu, Mwanajuma, amekaa mkekani katikati yetu. Wanaume walikuwa mbele, na kipaza sauti kiliwekwa ili na sisi tusikie dua. Tukasikia dua. Kisha imamu akasema, kama ilivyo desturi, mwenye neno na marehemu aseme, mwenye kumsamehe amsamehe. Tukasikia kikohozi. Nilikijua kabla ya sauti. Nassoro Bati alikuwa amekuja kutoka Kombani, mzee sasa, na ni mlezi wa timu, ndiyo, wamempa ulezi. Akasema marehemu alikuwa mdogo wake. Akasema binadamu hukosa, na kijiji hiki kilipoteza uwanja kwa sababu ya kosa moja la ujana. "Mimi kama mwenyekiti wa wakati ule, na kwa niaba ya mashabiki wote, nimemsamehe. Nanyi msameheni." Wanaume wakaitikia amina. Wote. Nilisikia hata sauti ya Athumani.

Mkono wa Mwanajuma ukasimama juu ya ungo. Akaniuliza polepole, "Mishi, kosa gani hilo?" Mwanamke ambaye ameishi na Mbwana maisha yake yote hakuwahi kuambiwa na mumewe kwa nini watu walikuwa wakinyamaza akipita. Alidhani ni ukali wa mumewe. Nikafungua mdomo, na dada yake marehemu akanibana goti, akasema si pahala pake hapa. Nikafunga mdomo. Na huko mbele, kahawa haijamalizika kunywewa, nikawasikia wanaume wameshaanza: msimu huu tumesajili mastraika watatu, msimu huu kocha ni yule kijana mwenye cheti, mlezi ameahidi jezi, msimu huu tunapanda. Mastraika watatu, na wote wa mguu wa kushoto. Kipa hakuna, maana kila mtaa ulitaka straika. Mazoezi ni kwenye uwanja wa shule, mpaka mwalimu wa zamu atufukuze. Mnataka maoni yangu kuhusu msimu huu? Ndiyo hayo. Timu iliyoitikia amina ile haipandi daraja lolote, hata ikisajili malaika namba tisa.

Nassoro Bati, nimekwisha kusema, sasa zamu yako. Sikuulizi ulipewa nini, hilo utalijibu kwingine. Nakuuliza yale niliyoyaona mimi. Kamba uliipitishaje kisimani? Ufunguo ulimnyima Mbwana kwa nini? Askari yule aliingiaje ndani akafunga kwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako? Na nani aliyekupa ruhusa ya kumsamehe marehemu? Wanaume wale waliazima maneno yako, na wao kila mmoja ataulizwa peke yake, lakini wewe ndiye wa kwanza. Ijumaa hii ukitoka msikitini usipande gari. Vuka barabara uje kwa Mwanajuma, mimi nitakuwepo, umpe salamu yake kama mtu, ukae, na umwambie mwenyewe kosa la mumewe lilikuwa lipi.